Tathmini ya Warsha ya Kusamehe Jijini Nakuru: Imara kwa Waliotukosea, Dhaifu kwa Nafsi Zetu

Warsha ninayoitathmini hapa hufanyika katika ukumbi wa kukodi upande wa Section 58, jijini Nakuru, kwa Jumamosi tano mfululizo, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana, na ada yake ni shilingi 3,500 zinazolipwa kwa M-Pesa kabla ya kikao cha kwanza. Waandaaji wake, ambao ni wanasihi wawili na mwalimu mmoja mstaafu, hawana bango barabarani wala hawapendi kutangazwa kwa majina, na kila mshiriki hutia sahihi karatasi ya usiri siku ya kwanza. Kwa sababu hiyo sitawataja wao wala wenzangu tuliokaa nao, na kisa pekee nitakachosimulia ni changu mwenyewe. Uamuzi wangu nautoa mapema ili asiye na muda wa kusoma yote asihangaike: katika kumsaidia mtu amsamehe aliyemkosea, warsha hii ina thamani kuliko ada yake, katika kumsaidia ajisamehe mwenyewe, humwacha njiani.

Nilijiandikisha nikiwa na fundo moyoni dhidi ya mtu tuliyefanya kazi pamoja, ambaye mimi na wenzangu wawili tulimdhamini akachukua mkopo katika Sacco. Aliacha kazi, akaacha kulipa, akabadilisha namba ya simu, na Sacco, kama masharti ya udhamini yanavyoiruhusu, ikatugawia salio lake na kuanza kulikata katika mishahara yetu. Yeyote aliyewahi kuwa mdhamini nchini Kenya hahitaji kufafanuliwa zaidi. Fedha zenyewe zilikuwa sehemu ndogo ya maumivu. Kilichonikosesha usingizi ni kusikia kwamba anajenga Njoro, na kumwona siku moja Kenyatta Avenue akicheka na watu kana kwamba hakuna mtoto wa mtu aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Nilikuwa nikimtungia hotuba kichwani kila usiku, na kila usiku hotuba ilirefuka.

Wawezeshaji hawadai kwamba wamebuni mbinu yao, jambo ambalo liliniongezea imani. Hatua tano wanazozifundisha zimetokana na kazi ya Everett Worthington, mwanasaikolojia wa Virginia Commonwealth University nchini Marekani, ambaye alikuwa tayari akiutafiti msamaha pale mama yake mzazi alipouawa nyumbani kwake na mtu aliyevunja nyumba, katika mkesha wa kuingia mwaka 1996. Hatua zenyewe ni kulikumbuka jeraha bila kulipamba wala kulipunguza, kujaribu kuyaona mambo kwa macho ya mkosaji, kuutoa msamaha kama zawadi ambayo mpokeaji hakuistahili, kujifunga kwa ahadi mbele ya shahidi au kwa maandishi, na kuushikilia msamaha huo siku ambazo hasira itarudi. Mbinu hii imejaribiwa nje ya Marekani pia: utafiti uliochapishwa mwaka 2024 uliwahusisha watu 4,598 wa Colombia, Hong Kong, Indonesia, Afrika Kusini na Ukraine, waliogawanywa kwa bahati nasibu, kundi moja likapewa kijitabu cha kujifundishia mara moja na jingine likasubiri wiki mbili. Waliokitumia walipungukiwa na kinyongo, na vilevile dalili za sonona na wasiwasi, kuliko waliosubiri. Mwezeshaji mkuu alilieleza hili bila mbwembwe, kisha akaongeza kwamba kupungua si kwisha. Nimehudhuria semina nyingi za hoteli ambamo tofauti hiyo huzikwa kwa makusudi.

Kikao cha kwanza ndicho kilichonishawishi kuendelea. Kilitumika karibu chote kuondoa vitu ambavyo watu huvibandika kwenye msamaha. Tulifundishwa kwamba kusamehe si kusahau, si kusema kosa halikuwa kosa, si kuondoa kesi mahakamani, na wala si kurudiana na mkosaji, kwa kuwa kurudiana kunahitaji watu wawili na uaminifu uliojengwa upya, ilhali msamaha unaweza kufanywa na mtu mmoja hata kama mwenzake amekufa au amekataa kukiri. Palepale, kabla ya mtu yeyote kufungua mdomo kusimulia lake, tulielezwa kwamba ambaye bado anapigwa nyumbani hakuletwa hapo ili afundishwe kuvumilia. Alipewa namba ya bure ya 1195 ya kuripoti ukatili wa kijinsia, akaelekezwa pia kwenye dawati la jinsia katika kituo cha polisi, na akaambiwa kwamba usalama wake ni wa kwanza na mengine yatasubiri. Nimesikia mahubiri mengi kuhusu saba mara sabini, na machache mno yaliyotanguliwa na maneno ya namna hiyo.

Huwezi kuzungumzia msamaha Nakuru ukaipita 2008, mwaka wa machafuko ya baada ya uchaguzi, na sikutarajia waipite. Juma la mwisho la Januari mwaka huo mitaa yetu iliwaka, uwanja wa maonyesho ya kilimo ukageuka kambi ya waliofurushwa, na kufikia mwisho wa machafuko ya nchi nzima tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Wapo miongoni mwetu waliokuwa na kumbukumbu za nyuma zaidi, za mapigano ya kikabila ya Molo katika miaka ya 1990. Mwalimu mstaafu, ambaye washiriki wote walimwita Mwalimu hata wale waliomzidi umri, aliitaja methali ambayo wanasiasa wetu huipenda, kwamba yaliyopita si ndwele, na akatuuliza iwapo tumewahi kuisikia ikitoka kinywani mwa aliyepoteza mtu. Ukumbi ulinyamaza. Alituambia pia kwamba ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhiwa Rais mwezi Mei 2013, na kwamba mtu aliyeporwa shamba ana haki ya kuendelea kudai utekelezaji wake hata baada ya kumsamehe jirani. Hata hivyo, naona hapa ndipo warsha inapojibebesha mzigo unaoizidi. Mbinu hii imeundwa kwa ajili ya mtu mmoja aliyekosewa na mtu anayeweza kumtaja. Kosa la kundi dhidi ya kundi, ambalo waliolipanga hawakuwahi kuonekana na wenye kulitenda walikuwa majirani, halitoshei vizuri kwenye zoezi la kumwandikia mkosaji barua. Washiriki wawili waliuliza wamwandikie nani. Jibu walilopewa lilikuwa la upole lakini halikuwa jibu.

Hatua ya pili, ya kujitia katika nafasi ya mkosaji, ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo iliyoendeshwa kwa ustadi mkubwa zaidi. Viti viwili vya plastiki huwekwa vikitazamana. Unakaa kwenye kimoja na kukisemesha kile kitupu kama kwamba mkosaji yupo, kisha unahamia kwenye kiti chake na kujijibu kwa sauti yake. Niliingia katika zoezi hilo nikiwa na dharau, kwa sababu lilionekana mchezo wa kuigiza wa shule ya upili. Mwanzoni nilimjibia mdaiwa wangu majibu ya kejeli, na wenzangu wakacheka. Mnasihi hakucheka. Aliniuliza swali moja tu: mtu huyu alikuwa akiogopa nini siku alipobadilisha namba ya simu? Nilikaa pale kimya kwa muda mrefu kiasi cha kuona aibu, na nilipoanza kusema, nilijikuta nikisema kwa sauti yake kwamba aliogopa kutuona usoni, kwamba kila siku iliyopita bila kutupigia iliifanya siku ya pili iwe ngumu zaidi. Sijui kama ndivyo ilivyokuwa. Mnasihi alisisitiza kwamba sihitaji kujua, maana lengo halikuwa kumtetea bali kumrudisha katika ukubwa wa binadamu, kwa kuwa nilikuwa nimemkuza akawa jitu. Hotuba zangu za usiku zilianza kufifia baada ya kikao hicho, si kwa ghafla, na kuna usiku zilizorudi zikiwa na makali yaleyale.

Jambo hilo la kurudi lilikuwa limeelezwa mapema, na maelezo yenyewe ni sehemu ya ubora wa huduma hii. Worthington hutenganisha msamaha wa uamuzi na msamaha wa hisia: mtu anaweza kuamua leo kwamba hatalipiza kisasi, na uamuzi huo ukawa wa kweli kabisa, huku hisia zake zikichukua miezi kuufuata. Wengi waliokuja walikuwa wameambiwa na jamaa au viongozi wao wa dini kwamba kama bado unaumia basi hujasamehe, na walikuwa wamebeba lawama hiyo juu ya kosa lenyewe. Kuona wazee wenye mvi wakivuta pumzi baada ya kuisikia tofauti hiyo kuliniridhisha kuliko zoezi lolote.

Hatua za tatu na nne nitazipitia haraka. Kuna zoezi la kuandika kosa kiganjani kwa kalamu ya wino kisha kunawa kwenye beseni. Wino haukutoka wote, na mwezeshaji alilitumia hilo kueleza kwamba mabaki ni kawaida, ingawa nashuku kwamba kalamu ingekuwa nyingine maelezo yangekuwa mengine. Kuna pia cheti cha msamaha ambacho unakijaza na kukitia sahihi na tarehe. Nilikiona cha kitoto, lakini nimekiweka, na nimekisoma zaidi ya nilivyotarajia.

Sasa nirudi kwenye deni, kwa sababu wasomaji wengi watataka kujua kama warsha ya msamaha inakugeuza kondoo. Katika kikao cha nne nilisimama nikauliza waziwazi: nikimsamehe huyu bwana, je, nimemwachia pesa? Mwenzangu mmoja alijibu kabla ya wawezeshaji kwamba ndiyo, vinginevyo msamaha wangu ni wa mdomoni. Mwalimu alimwachia amalize, kisha akaeleza kwamba kuacha deni ni ukarimu ambao mtu anaweza kuufanya akitaka na akiwa na uwezo, lakini haudaiwi na msamaha. Hakimu anayemwamuru mtu alipe hamchukii. Na mdai anaweza kufika mbele ya hakimu huyo bila chuki vilevile. Alikumbusha kwamba Katiba yetu, katika kifungu cha 159, inazitaka mahakama zihimize upatanisho na usuluhishi, na kwamba kwa madai yasiyozidi shilingi milioni moja ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016 na ambayo inatakiwa kuamua kesi ndani ya siku 60 tangu ifunguliwe, tena bila kulazimu mtu awe na wakili. Sikuwa nimekwenda kwenye warsha kutafuta ushauri wa sheria, na huenda kuna watakaosema hayo hayakuwa mahali pake. Kwangu yalikuwa mahali pake hasa. Nilimwandikia mdaiwa barua ya kumtaka alipe, nikaipitisha kwa jamaa yake, na nilipoisoma kabla ya kuituma nikagundua kwamba haikuwa na tusi hata moja. Rasimu zangu za awali, ambazo bado ninazo kwenye simu, hazikuwa na kitu kingine. Fedha bado hazijarudi, na sikati tamaa wala sikai nikizisubiri.

Kama warsha ingeishia hapo, ningeipa alama za juu kabisa. Tatizo ni kikao cha tano, kilichotengewa kujisamehe, ambacho pia kilibebeshwa hatua ya mwisho ya kuushikilia msamaha, utoaji wa vyeti, maombi ya kufunga na picha ya pamoja. Kilichobaki kwa ajili ya nafsi kilikuwa kama saa moja na nusu, na katika muda huo tulipewa zoezi lilelile la viti viwili, safari hii ukijisemesha mwenyewe, kana kwamba kujisamehe ni kusamehe kwa kawaida kulikogeuzwa uso. Sivyo. Anayemsamehe mwingine ana haki ya kutoa, kwa kuwa yeye ndiye aliyeumizwa. Anayejisamehe kwa kosa alilomtendea mtu mwingine anatoa kitu ambacho kwa sehemu kubwa si chake, na asipokuwa mwangalifu atajifutia hesabu ambayo mwenzake bado anaidai. Mtu aliyemtelekeza mtoto wake kule Bahati hawezi kuketi ukumbini Section 58, akajiambia maneno matamu kwenye kiti kitupu, na kurudi nyumbani mwepesi ilhali mtoto hajui lolote. Wala simkejeli mtu wa namna hiyo, kwa sababu anayefika kwenye warsha akiwa na hatia kama hiyo kwa kawaida amekwisha kujihukumu vikali kuliko ambavyo mahakama ingeweza.

Linalosikitisha ni kwamba mbinu wanayoifuata inalo jibu, nao wameliruka. Worthington mwenyewe alilazimika kulikabili suala hili baada ya ndugu yake, aliyeukuta mwili wa mama yao, kujiua miaka kadhaa baadaye, na hatua alizozipanga kwa ajili ya kujisamehe ni sita, tofauti na zile tano. Kurekebisha uhusiano na kulipa kinachoweza kulipika, kisha kukomesha mawazo yanayozunguka kichwani, kunatangulia kule kufungua moyo kwa nafsi, na baada yake kuna kazi ya kujikubali kuwa mtu mwenye thamani pamoja na upungufu, na kuazimia kuishi vingine. Mpangilio huo unaeleweka kwa yeyote aliyekulia katika jamii zetu za magharibi mwa Kenya na Bonde la Ufa, ambako wazee hawakukubali mtu atamke maneno ya amani kabla ya mbuzi kutolewa au mali kurudishwa. Wawezeshaji wangeweza kuujenga juu ya ujuzi ambao washiriki walikuja nao tayari. Badala yake tuliambiwa tujionee huruma, tukapewa dakika za kuandika, halafu tukaitwa kwenye picha.

Niliwaeleza waandaaji hayo yote chai ilipokuwa ikigawiwa, nao hawakujitetea. Walikiri kwamba kikao hicho ndicho ambacho watu hukilalamikia, na kwamba sababu kubwa ni kodi ya ukumbi, kwa kuwa Jumamosi ya sita ingewalazimu kupandisha ada, na wengi wa wanaohudhuria ni wafanyabiashara wa soko la Wakulima na walimu wa shule za msingi. Sababu hiyo naiheshimu, ila haibadilishi alama ninazowapa.

Lalamiko langu jingine ni kijitabu. Kimeandikwa kwa Kiingereza, kimenakiliwa kwa mashine iliyochoka hadi kurasa nyingine zina mistari myeusi, na mnasihi alilazimika kutafsiri papo kwa papo kwa wale ambao Kiingereza chao ni cha shida, akipoteza robo ya kila kikao. Mazungumzo yenyewe yaliendeshwa kwa Kiswahili kizuri, kwa hiyo uwezo wa kukitafsiri upo ndani ya nyumba. Chakula kilikuwa chai ya maziwa na mandazi saa nne, na mchana ndengu kwa chapati. Hakuna aliyekuja kwa ajili ya chakula na hakuna aliyekilalamikia. Ukumbi ni baridi mno mwezi wa Julai, basi nenda na sweta.

Ningemshauri nani alipe? Mwenye kinyongo na ndugu kwa sababu ya urithi, na mwenzake aliyekimbia na fedha za chama, na rafiki aliyesema uongo, na mzazi aliyekufa bila kuomba radhi: hao wote wataondoka na kitu cha kutumia. Aliyeumizwa kwa kina, hasa aliyedhulumiwa kimwili utotoni, atumie Jumamosi hizi kama utangulizi tu na amtafute mnasihi wake binafsi, kwa sababu majeraha ya kiwango hicho yana mwendo wake. Katika utafiti ambao Suzanne Freedman na Robert Enright waliuchapisha mwaka 1996, wanawake 12 waliodhulumiwa kingono na jamaa zao walihitaji kwa wastani zaidi ya mwaka mmoja wa vikao vya kila wiki, kila mmoja na mshauri wake. Anayetafuta kujisamehe asubiri kwanza. Waandaaji wamesema wanafikiria kuongeza Jumamosi ya sita na kupandisha ada hadi shilingi 4,200. Wakifanya hivyo, na wakitupa kijitabu cha Kiswahili kinachosomeka, hiyo itakuwa bei ya haki na nitalipa tena.